Simu ya Mwenyekiti

Mwanamke wa kisa hiki simpi jina. Wako wengi mno waliopita njia yake, na kila mmoja angedhani nimemsema yeye. Tumwite mama lishe, maana ndiyo kazi yake. Anapikia karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, ambako mabasi ya Dodoma, Iringa na Mbeya hushusha watu wenye njaa tangu alfajiri. Asubuhi ni chai, chapati na supu. Mchana ni wali maharage, ugali samaki na mchicha. Ana meza, mabenchi mawili, mtungi wa gesi, jiko la mkaa, friji ndogo ya maji na juisi, na sufuria kubwa tatu. Kwa vitu hivyo anasomesha watoto watatu.

Yumo kwenye VICOBA. Wanachama ni 25, hukutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Kila mmoja hununua hisa, hutoa shilingi 1,000 za mfuko wa jamii, na fedha zote huingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Mwenye hisa anaruhusiwa kukopa mara tatu ya akiba yake. Utaratibu huu asili yake ni Niger, ambako shirika la CARE liliwaanzishia wanawake wa vijijini vikundi vya akiba na mikopo mwaka 1991. Kwetu una katiba, nyimbo na sare za vitenge. Nautaja kwa heshima, kwa sababu fedha ni nusu tu ya kilichomo mle. Nusu nyingine ni watu wanaojuana, wanaogundua mwenzao asipoonekana.

Mwezi Juni, mchele wa Ifakara uliposhuka bei, mama lishe alikopa shilingi 600,000 ili anunue magunia ya kuweka. Pamoja na riba alitakiwa kurejesha 660,000 kwa miezi mitatu, yaani 220,000 kila mwisho wa mwezi. Rejesho la Julai alilipa bila shida. Agosti mtoto wake wa mwisho akashikwa na malaria kali, akalazwa. Wiki nzima hakukuwashwa moto pale Msamvu. Dawa, nauli na chakula cha wodini vikala mtaji, na ilipofika Alhamisi ya wiki ya marejesho mkononi alikuwa na 90,000.

Hadi hapo hakuna kosa la mtu yeyote. Mtoto aliugua, fedha zikaenda, na katiba ya kikundi ilikuwa na kifungu kinachohusu jambo hilo hasa: mwanachama mwenye mgonjwa aliyelazwa huongezewa mwezi mmoja bila faini, mradi atoe taarifa kabla ya siku ya marejesho. Mama lishe alikijua kifungu hicho. Alikuwepo kilipopitishwa, na mwaka uliotangulia aliunyoosha mkono wake kukubali mwenzao aliyefiwa aongezewe muda. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda kudhani kwamba mtu mwenye wasiwasi hajui tu, na kwamba akielezwa atatulia. Yeye alikuwa anajua. Kilichomshinda ni kuamini kwamba kifungu kile kinamhusu na yeye.

Alhamisi hiyo jioni alipita soko la Mawenzi kununua nyanya. Kwa mbali akamwona katibu wa kikundi na mwanachama mwingine wamesimama kwenye kibanda cha viungo, wanacheka. Alipowakaribia wakanyamaza, wakamsalimia. "Pole na kuuguza, mwenzetu. Mgonjwa anaendeleaje?" Akajibu, "Hajambo, tunamshukuru Mungu," akaondoka haraka na nusu ya nyanya alizokusudia.

Sikiliza alivyolibeba jambo hilo kwenda nalo nyumbani. Walikuwa wanacheka, kwa hiyo walikuwa wananicheka. Wamenyamaza, kwa hiyo walikuwa wananisema. Wameniuliza hali ya mgonjwa, kwa hiyo wanataka kujua kama nitamfanya mtoto kisingizio. Pole waliyompa ikageuka ushahidi dhidi yao. Mtu akishafika hapo, wema wote unaoelekezwa kwake hauna pa kuingilia.

Usiku ule hakulala. Kutoka kwenye kicheko cha sokoni alifika mbali: watanitangaza mzembe, Januari nikiomba mkopo wa ada watanikatalia, mtoto mkubwa atarudishwa nyumbani, nitashindwa kodi, nitarudi Kilosa na mabegi, na mama atasema aliniambia. Ilipofika saa tisa usiku alikuwa ameshahukumiwa, na hakuna hata mmoja wa wanawake wale 24 aliyekuwa amefungua mdomo.

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Philadelphia, Marekani, aliiona njia hii kwa wagonjwa wake miaka ya 1960. Aligundua kwamba nyuma ya huzuni na hofu zao kulikuwa na mawazo mafupi yanayopita haraka, ambayo wenyewe hawakuwa wakiyataja kwa sababu waliyaona kuwa ni ukweli mtupu. Hakuwaambia wayafukuze. Aliwafundisha kuyaweka mezani kama madai na kuyahoji: nimeona nini kwa macho? Ushahidi wa dai hili uko wapi? Kuna maelezo gani mengine? Nitauliza wapi nipate hakika? Tiba iliyokua kutokana na kazi hiyo sasa inatumika duniani kote, na naona sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika swali hilo la mwisho. Mama lishe aliona vitu vitatu tu: watu wawili, kicheko na ukimya. Mengine yote aliyatunga mwenyewe gizani, na hakukuwa na mtu karibu wa kumuuliza aliyajuaje.

Ijumaa asubuhi alimpigia dada yake aliyeko Kilosa. Hakumweleza habari ya marejesho, alisema tu kwamba halali. Dada akamjibu tunavyojibu sote: "Acha mawazo, mdogo wangu, utapata presha."

Neno hilo hutoka kwenye upendo, lakini ningependa tuliache. Mwaka 1987 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi kuliko walioambiwa wamfikirie tangu mwanzo. Mtu anayejilazimisha kutowaza jambo hulazimika kuulinda mlango lisiingie, na huwezi kumzuia mgeni bila kumtazama. Mama lishe alijitahidi kutii. Alipika, akaosha vyombo, akasali, na kila alipotulia kicheko cha Mawenzi kilikuwepo. Dada angemsaidia kwa swali moja tu: "Kwani ni nini hasa unachokiogopa, na ni lini?" Jibu lingekuwa: marejesho, kesho saa kumi. Jambo lenye siku na saa linaweza kupangiwa la kufanya.

Ijumaa hiyo saa mbili usiku simu ikaita. Mama mwenyekiti wa kikundi. Moyo ukampasuka. Akaitazama mpaka ikakata. Ikaita tena, na mara ya tatu, naye akaigeuza kioo chini akaweka kanga juu yake. Tumbo joto, mikono inatetemeka, jasho linamtoka kama mtu anayekimbizwa. Mwili hauna njia ya kujua kwamba adui ni simu. Ukiambiwa kuna hatari humwaga adrenalini, moyo ukakimbia na usingizi ukaruka, uwe umeonana na simba au umeona jina la mtu kwenye kioo. Ilipoacha kuita alipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyomponza. Kila tunapolikwepa jambo na kujisikia vizuri, mwili hujifunza kwamba kukwepa ndiko kulikotuokoa, na mara ya pili jambo lile lile huwa zito zaidi kuligusa.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwa kausha damu.

Sina haja ya kuwaeleza Watanzania kausha damu ni nani. Huyu alikuwa na meza ya plastiki na daftari nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mama lishe hakuuliza leseni, kwa sababu aliyekuja kutoroka aibu haulizi masharti. Aliandikiwa 250,000, akakatwa 20,000 za fomu, akapewa 230,000. Atarejesha 45,000 kila wiki kwa wiki nane, jumla 360,000. Dhamana: mtungi wa gesi, friji, sufuria mbili kubwa. Akaweka dole gumba na saini. Kabla ya saa sita alikuwa amemtumia mweka hazina 220,000 kwa simu, pamoja na ujumbe kwamba hatafika mkutanoni kwa sababu ya mgonjwa.

Deni la Agosti likawa limelipwa. Hofu je? Ilipaswa kuisha pale pale kama kweli chanzo chake kilikuwa fedha. Badala yake ikapata kazi mpya: sasa watauliza nimezipata wapi, na kwa nini sikupokea simu ya mwenyekiti, na kwa nini sikufika.

Jumapili alasiri mwenyekiti alikuja mwenyewe. Mama lishe alimwona kupitia dirishani akivuka mfereji na mkoba wake kwapani, akaingia chumbani, akamwambia mtoto mkubwa aende mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Hayupo."

"Na mdogo wako anaendeleaje?"

"Ametoka hospitali."

"Alhamdulillahi. Mwambie mama nimepita. Mwambie nina shida naye."

Nina shida naye. Ni namna yetu ya kawaida ya kusema nataka kuonana na mtu, na chumbani mama lishe aliisikia kama hukumu. Lililonisikitisha zaidi katika kisa chote ni huyu mtoto, aliyefundishwa siku hiyo kumdanganya mtu mzima aliyekuja kwa heri. Wasiwasi wa mzazi hauishii kichwani mwake. Watoto hupangiwa zamu ya kuulinda.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, kwa kuwa angelazimika kueleza ya Jumamosi iliyopita. Ya tatu hakwenda, kwa kuwa sasa zilikuwa mbili. Akabadilisha laini ya simu. Kwa kausha damu alilipa wiki ya kwanza 45,000 na ya pili 45,000, na hapo zile 90,000 zake pamoja na 10,000 zilizobaki kwenye mkopo zikawa zimekwisha. Magunia ya mchele alikuwa ameshauza moja baada ya jingine wakati wa kuuguza. Wiki ya tatu hakuwa na kitu. Jumatatu saa saba mchana, wateja wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, guta likasimama mbele ya kibanda. Vijana wawili wakaondoa mtungi, friji na sufuria mbili; wali wa moja waliumwaga kwanza. Hakuna aliyewazuia, maana walikuwa na karatasi yenye saini.

Septemba ikaisha bila rejesho la mwisho la VICOBA. Kikundi kilifanya kinavyopaswa: kikakata hisa zake zote, 200,000, na zikabaki 20,000 za kudaiwa. Mwanamke aliyeogopa kuitwa mzembe kwa kuchelewa mwezi mmoja alikuwa sasa hana biashara, hana akiba, ana deni sehemu mbili, na wenzake kweli walikuwa wanamsema. Walikuwa wanasema ametukasirikia nini?

Oktoba dada yake akaja kutoka Kilosa. Yeye alikuwa mgeni katika jambo hili, na mgeni haogopi kuuliza. Jumamosi alivaa, akaenda mkutanoni kuomba radhi kwa niaba ya mdogo wake na kujua mabaki ni kiasi gani. Katibu akafungua daftari la mfuko wa jamii, akaligeuza ili dada asome. Tarehe ilikuwa ya mwishoni mwa Agosti. Jina la mama lishe. Shilingi 60,000, pole ya mgonjwa aliyelazwa. Mahali pa saini ya mpokeaji palikuwa patupu.

Fedha hizo ndizo mwenyekiti alizokuwa akipigia simu Ijumaa ile, pamoja na kumkumbusha aombe kuongezewa muda. Ndizo alizokuwa nazo mkobani Jumapili, na katiba haikumruhusu kumwachia mtoto bila saini ya mama. Na kuhusu kicheko cha Mawenzi, dada aliuliza. Katibu alifikiri sana. Hakuikumbuka siku yenyewe.

Tuna msemo kwamba wasiwasi ndio akili, na siupingi. Mama lishe yule hufunika chakula, huchemsha maji, huweka kando kodi ya nyumba kabla ya kununua nguo, na yote hayo huyafanya kwa sababu ya wasiwasi. Huo ni wasiwasi unaouliza swali, ukapata jibu, ukamtuma mtu afanye jambo. Uliomwangusha uliuliza swali lile lile kila usiku na kumkataza asitafute jibu. Mtu anaweza kuupima wake kwa njia hiyo. Kama tangu jana hujajua jambo jipya lolote kuhusu unachokiogopa, na bado umekiwaza saa nzima, hakuna akili inayotumika hapo.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kuwasikiliza watu wenye mawazo. Mabibi 14, benchi la mbao nje ya zahanati, na mazungumzo. Madaktari wa akili nchini humo walikuwa wachache sana kwa mamilioni ya watu, na bibi wa mtaani hana foleni. Hawasemi acha mawazo. Wanamwomba mtu ayataje matatizo yake yote, kisha achague moja, moja tu, na kabla hajaondoka waafikiane hatua ndogo atakayoifanya kabla ya kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma za kawaida. Ninaposoma habari za mabibi wa Mbare namfikiria mama mwenyekiti na mkoba wake. Benchi lilimfuata mama lishe mpaka mlangoni. Hatua yake ndogo ilikuwa kubonyeza kitufe cha kijani Ijumaa saa mbili usiku na kusema, "Mama, nina 90,000 tu."

Sidai kwamba ni rahisi. Dakika ya kwanza ya simu kama hiyo ni chungu, na anayesema vinginevyo hajawahi kudaiwa. Lakini ni dakika. Anayeiona ngumu mno asianze na mwenyekiti. Amwambie jirani mmoja kwa sauti, kwa maneno kamili, anachodhani kitatokea. Wazo lililotamkwa mbele ya mtu husikika tofauti na lililozunguka kichwani, na mara nyingi msemaji mwenyewe huanza kulitilia shaka kabla hajamaliza sentensi. Wengine husaidiwa na kuandika: upande mmoja nilichoona, upande wa pili nilichodhani. Ukurasa wa mama lishe ungekuwa na mistari mitatu upande wa kwanza, na upande wa pili ungejaa mpaka Kilosa.

Pia kuna mawazo ambayo jirani peke yake hayawezi. Usingizi ukipotea kwa wiki mbili au zaidi, chakula kikikataa, mtu akianza kusema heri nife, hapo ni hospitali, upesi, na asiachwe peke yake. Wengi wetu bado tunaogopa kwenda kwa sababu tukisikia afya ya akili tunasikia hospitali ya Mirembe, na tukisikia Mirembe tunasikia minyororo na kuchekwa. Hospitali za rufaa za mikoa zina watumishi wanaotibu wasiwasi na sonona, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na maelekezo yake. Kumcheka anayekwenda huko ni kumsukuma mwingine aliye nyuma yake abaki na siri.

Novemba mama lishe alirudi kikundini, akaanza na hisa moja. Kwanza wanachama walijadili makosa yao, na hili liliwachukua muda mrefu kuliko la kwake. Waliona kwamba walimpigia simu, walimfuata mara moja, kisha wakakasirika na kungoja. Wakaongeza kifungu: mwanachama asipofika Jumamosi mbili, wawili watakwenda nyumbani kwake wiki hiyo hiyo, na hawataondoka mpaka wamwone yeye mwenyewe. Zile 60,000 alipewa, akasaini. Kati yake 20,000 zilifuta mabaki ya deni la kikundi, na 40,000 zilinunua sufuria moja ya mitumba. Mtungi alikopeshwa na mwenyekiti, wakakubaliana arejeshe 10,000 kila wiki mkutanoni. Kausha damu naye anaendelea kulipwa kidogo kidogo, kwa makubaliano mapya yaliyofanywa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Wiki ya kwanza alirejesha. Ya pili alirejesha. Ya tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo na wateja wakawa haba. Zamu yake ilipofika alisimama, sauti ikitetemeka, akasema wiki hii hana, ataleta 20,000 wiki ijayo. Mweka hazina aliandika, akamwita anayefuata.